Mgeni Asiye na Mwenyeji

Ndugu msomaji, hebu tujiulize swali ambalo watu wazima wataliona la kitoto. Je, kutazama kuna deni? Ukichukua shilingi ya mtu unadaiwa. Ukila kuku wake unadaiwa, hata kama ni wa sherehe. Lakini ukimtazama yeye, ukatazama ziwa lake na mlango wa nyumba yake, kisha ukaenda zako, umechukua kitu au hukuchukua? Wengi watasema hakuna kilichochukuliwa. Macho hayana pazia, na kitu hakipungui kwa kutazamwa. Mimi nasema deni lipo. Ugumu uko katika kujua analipwa nani, na analipwa nini.

Nina mfano ninaoujua vizuri. Mwaka jana, miezi miwili baada ya ndoa, mimi na mke wangu tulikwenda kutembea kisiwani. Msicheke! Najua kijana wa Ngara akisema amekwenda na mkewe kutembea kisiwani, watu wanauliza hela katoa wapi. Fungate, kama wazee wa Pwani walivyolitumia neno hilo, ni zile siku saba ambazo maarusi wanakaa ndani, wanapikiwa, wanatazamana wao kwa wao. Siku hizi fungate limepanda boti. Maarusi hawakai ndani tena, wanatoka kwenda kutazama, na asiyefika Zanzibar anajiona kama ndoa yake haijapigwa mhuri. Mimi natoa fotokopi na kuchapa barua za watu katika steshenari moja hapa Ngara mjini. Mke wangu ni fundi cherehani, kwao ni Biharamulo. Zanzibar kwetu ni picha ya kalenda. Lakini Mungu hakutunyima kisiwa.

Kisiwa chenyewe ni Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Tulilala Biharamulo, alfajiri tukateremka hadi Kasenda, huko ambako kulikuwa Biharamulo mpaka Wilaya ya Chato ilipokatwa mwaka 2005. (Mwaka 2012 Chato ikaenda Mkoa wa Geita. Mtu anaweza kuhamishwa mkoa akiwa amekaa tu barazani kwake.) Kutoka Kasenda unavaa boya, unapanda boti, na baada ya muda si mrefu uko Kageye, makao makuu ya hifadhi. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 28. Hifadhi yote ni kilomita za mraba 457 hivi, na karibu nusu yake ni maji. Msitu unashuka mpaka ziwani, hakuna shamba, hakuna paa la bati, hakuna moshi. Ukizoea mwambao wetu, ambako kila ufukwe una mitumbwi, dagaa waliotandazwa na watoto wanaopiga kelele, ukimya ule unakushtua. Furukombe analia, basi. Mke wangu alinishika mkono. Palikuwa pazuri, na sitaki mtu adhani kwamba maswali yanayofuata yametokana na kutokuona uzuri.

Sasa sikilizeni habari za mahali hapo. Mwaka 1965 Rubondo ilifanywa pori la akiba, na mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Kabla ya hapo paliishi watu, wavuvi wa Kizinza, nao wakahamishwa kwenda visiwa vya jirani na bara. Halafu wakaletwa wanyama. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliteremshwa kisiwani kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani wa Frankfurt aliyeipigania Serengeti na ambaye kaburi lake liko Ngorongoro. Sokwe hao walitoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakakua nyuma ya vyuma, wakitazamwa na watu waliokata tiketi. Wakafunguliwa milango Rubondo na kuambiwa, kwa namna ya kusema, nendeni. Nao wakaenda, wakajifunza upya kula majani na kulala mitini, wakazaa, na wajukuu zao wapo hadi leo.

Tembo wa Rubondo nao waliletwa. Twiga waliletwa. Vifaru waliletwa, lakini hao hawapo tena. Wenyeji hasa ni kiboko, mamba, pongo, na nzohe, yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu. Kwa hiyo ukitazama vizuri, karibu kila mnyama mkubwa anayetangazwa kwenye vipeperushi ni mgeni, na binadamu aliyekuwa mwenyeji ndiye aliyeondoka.

Sisemi haya kwa kejeli. Habari ya sokwe ilinigusa kuliko zote. Fikiria kiumbe aliyetazamwa maisha yake yote, kisha siku moja akafika mahali ambapo hakuna jicho. Nadhani hiyo ndiyo maana ya uhuru kwa sokwe: kuwasha mgongo wako bila mtu kupiga makofi. Lakini miaka ya karibuni imefanywa kazi ya kuwazoesha watu. Askari wanawafuata msituni siku baada ya siku, mpaka sokwe aone binadamu asikimbie, ili wageni waweze kusogea na kutazama. Babu alitolewa kwenye kioo cha Ulaya, mjukuu anafundishwa kutazamwa tena, safari hii bila vyuma. Watasema ni tofauti, kwa kuwa sasa yuko porini na anaweza kuondoka anapotaka. Ni kweli ni tofauti. Sisi siku ile tulisikia makelele yao tu mbali juu ya miti, na nikajikuta nimefurahi kwamba hawakujitokeza. Mke wangu alikasirika. Alisema hela imekwenda bure.

Sasa nifike kwenye deni. Babu yake mke wangu alizaliwa Rubondo. Bibi yake, ambaye bado yu hai na anakaa kijiji kimoja cha mwambao, aliolewa huko akiwa msichana na akaishi huko misimu michache tu kabla ya kuhama. Tulipomwaga kwamba tunakwenda, hakutuambia tutazame nini. Alimwambia mjukuu wake, "Niletee udongo, konzi moja tu." Akaeleza penyewe: ghuba fulani, mkuyu, na jiwe lililolala kama ng'ombe.

Aliyetutembeza kisiwani alikuwa kijana mpole, mcheshi, umri wetu. Mke wangu alipomweleza kwamba babu yake ni wa pale, alicheka kwa furaha kabisa, akasema, "Basi dada wewe ndiye mwenyeji! Mimi na shemeji ni wageni wako." Kisha akatuomba risiti za kiingilio azikague. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini mimi risiti ile nimeitunza ndani ya daftari langu, kwa sababu imeandikwa mgeni, mtu mzima, mmoja, na huyo mmoja ni mke wangu.

Tulipita kwa boti mbele ya ghuba ambayo huenda ndiyo. Ghuba zinazofanana na ile ni nyingi, mikuyu ni mingi, na mawe yaliyolala kama ng'ombe, kwa kweli kila jiwe kubwa ukilitazama kwa hamu litalala kama ng'ombe. Ratiba ya siku ile haikuwa na kushuka pale. Mke wangu aliomba injini izimwe, ikazimwa. Tukaelea. Akauliza kuhusu udongo. Kijana yule akatazama maji, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hairuhusiwi. Hata jani. Hata ganda la konokono." Ni kweli hairuhusiwi. Kila hifadhi ya nchi hii ina kanuni hiyo na sababu yake inaeleweka: kila mgeni akibeba jiwe moja, baada ya miaka mingi mlima utakuwa sebuleni kwa watu.

Haya, wenzangu mnaopenda falsafa, pigeni bongo hapo. Konzi ya udongo aliokanyaga bibi yako, akaumwagia jasho, akauzikia kitovu cha mtoto wake wa kwanza, ukiichukua ni wizi? Na kama ni wizi, unamwibia nani? Mtasema taifa. Sawa, na bibi huyo si taifa? Mtasema ni taifa, lakini ni sehemu tu, na sehemu haiwezi kujichukulia cha wote. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu cha wote kilipatikana kwa kuwaondoa sehemu hao hao.

Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti ndani ya boti. Mke wangu ndiye aliyenikata. "Ulitaka warudi?" aliniuliza. "Wakirudi leo ni wangapi? Sisi wajukuu peke yetu tunajaza kijiji. Mwaka mmoja tu, msitu wote ule ungekuwa mkaa Mwanza." Akaniambia wajomba zake ni wavuvi, na wanajua kwamba samaki wanaovuliwa nje ya mpaka wa hifadhi wengi wamezaliwa ndani yake, katika mafunjo na maji yasiyoguswa na nyavu. Sato anazalia humo. Akasema wajomba wanalalamika mchana, lakini usiku wanashukuru. Mimi mtu wa vilima vya Ngara, mla ndizi na maharage, sikuwa na la kujibu juu ya samaki.

Nakubaliana naye, na sikubali nusunusu. Kisiwa kilindwe. Lakini kukubali kwamba jambo lilikuwa la haki kwa samaki na kwa msitu hakufuti kwamba kuna mtu aliyelipia. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili. Mgeni anakuja, kwa ajili yake kuku anachinjwa, na mwenyeji naye anaonja nyama ambayo peke yake asingejichinjia. Sasa mgeni akija mahali ambapo mwenyeji ameondolewa ili mgeni apaone pazuri, anayepona ni nani? Neno kutalii zamani lilikuwa na maana ya kusoma na kuchunguza kwa makini. Mtalii alipaswa kuwa msomaji. Kitabu cha Rubondo tunakifungua ukurasa wa 1965 na kuendelea, tunafurahia picha, wala hatuulizi kurasa za mbele zilichanwa lini. Sokwe 17 wana hesabu. Babu yake mke wangu sikumkuta katika karatasi yoyote niliyosoma.

Labda nina uchungu na mambo haya kwa sababu ya Ngara. Sisi tumewahi kutazamwa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hakuna nyumba huku isiyokuwa na habari hizo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia kwetu. Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti. Benako, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji wa mahema mkubwa kuliko miji yetu yote ya jirani. Pamoja na wakimbizi wakaja magari meupe, na pamoja na magari meupe zikaja kamera.

Mama yangu alikuwa na miaka 14. Siku moja alikuwa anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani, mvua imemnyeshea, kanga imechanika, miguu ina tope mpaka magotini. Mzungu mmoja akateremka garini, akapiga magoti barabarani, akampiga picha. Akapiga nyingine. Akampa biskuti, akaenda zake. Mama alikuwa anatoka kisimani kwao anakwenda jikoni kwao. Hakuwa mkimbizi. Alikuwa msichana wa Kihangaza aliyenyeshewa. Mpaka leo, tukiwa tumekaa, huwa anauliza ile picha iko wapi. Kama ilichapishwa, basi kuna mahali duniani mama yangu ni mkimbizi, na watu walimhurumia, na labda walimchangia hela. Je, alipungukiwa nini? Ndoo ilifika na maji yake yote. Lakini miaka thelathini imepita na bado anaiulizia, na mtu haulizii kitu ambacho hakikuchukuliwa.

Ndiyo maana nasema kutazama kuna deni. Silaumu mpiga picha kwa kupiga. Pengine picha zile zilileta mahindi na dawa, na mahindi yale yaliokoa watu. Hakumuuliza tu. Neno moja, hata kwa ishara ya mkono, na mama angemwonyesha paa la kwao pale pale juu.

Na sisi je, tunaotaka kuandika? Wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tunaota riwaya. Mimi nina daftari la tatu sasa. Niliishia kidato cha nne, sina chuo, nina macho na daftari. Tukiwa tunarudi Kasenda jioni ile, jua limekaa juu ya maji kama sinia, wapenzi wengine wangekuwa wanabusiana, mimi nilikuwa ninaandika. Mke wangu akauliza, "Unaandika nini?" Nikamwambia, "Namwandika bibi, na udongo wake." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umemkatia tiketi?"

Hebu mlifikirie swali hilo. Sisi tunajiona tuko upande wa wanyonge kwa sababu tunawaandika. Tunaingia katika misiba ya watu, katika ndoa za jirani, katika ulevi wa baba zetu, tunatazama, tunatoka na sura moja nzuri, na tunategemea kushukuriwa. Nilikuwa na nadharia yangu tayari: kwamba deni la kutazama linalipwa kwa kutaja. Taja jina la mtu, taja jina la mahali, rudisha ukurasa uliochanwa. Nilipanga kuandika jina la ile ghuba, jina la babu, jina la bibi na la ukoo wake, kila kitu.

Basi nikaenda kumwomba ruhusa. Alikuwa anachambua maharage uani. Nikamweleza kwa heshima zote, mkwe mbele ya bibi, nimechuchumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Andika, mjukuu wangu. Jina langu liache. Na mahali penyewe usipataje kabisa. Wakijua, watakuja kupatazama."

Nadharia yangu ikabaki imesimama hapo uani kama mbuzi asiye na kamba. Nimeifikiria sana tangu siku hiyo na sijaitupa. Bado naamini kuna watu ambao deni lao ni kutajwa, na mama yangu ni mmoja wao. Yeye angependa chini ya picha ile paandikwe jina lake na jina la kilima chake kwa herufi kubwa. Lakini bibi anadai kitu kingine. Anadai pasitazamwe. Kumbe wadai wawili wa deni moja wanaweza kutaka malipo yanayopingana, na mwandishi, au mtalii, au serikali, hawezi kujua ni lipi bila kwenda, kuchuchumaa na kuuliza kila mmoja kivyake. Ni kazi kubwa. Inachelewesha riwaya. Mimi yangu imesimama sura ya nne.

Kuhusu udongo: mke wangu hakuchukua. Alitii kanuni mbele ya yule kijana, hakuinama hata mara moja. Ila asubuhi ile Kageye kulikuwa na matope, na tulipofika nyumbani hakusafisha viatu. Alivifunga kwenye mfuko wa plastiki vilivyo, na wiki iliyofuata akampelekea bibi. Bibi akavigeuza juu ya sahani ya bati, akavigonga kisigino kwa kisigino mpaka kikatoka kiasi cha vijiko viwili. Akauchukua kwa vidole, akaunusa.

"Huu ni wa Kageye," alisema. "Kwetu hakuna udongo mwekundu hivi."

Akaufunika sahani ile kwa nyingine, akauweka juu ya kabati, na akamwambia mke wangu aende akaoshe viatu vyake.